Uzi: Yale majengo ya "kwa viwete" kati ya Maseno na Luanda. Wale watoto walienda wapi?

Mwanaluanda

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye chai na aiweke karibu.

Ukipanda matatu ya Kisumu kwenda Busia, ukapita kibao cha ikweta pale Maseno, kabla hujaingia Luanda kuna njia ya murram inapanda kuelekea kwenye yale mawe makubwa. Ifuate kwa mguu robo saa. Utakuta majengo manne ya matofali, mabati mengine yameliwa na kutu na mengine yameondoka usiku na wenye haja nayo. Hakuna kibao. Upande wetu wa Bunyore wazee walipaita "kwa viwete", majirani Wajaluo wakasema od rong'onde, maana ni ile ile. Kanisa lililoanzisha nyumba ile silitaji, nanyi msilitaje. Kuna mvutano wa shamba na sitaki kuitwa kwa chifu kwa sababu ya simu yangu.

Mimi nilizaliwa nikakuta pamefungwa au panakaribia kufungwa. Tukichunga ng'ombe, tulikuwa na mambo matatu kuhusu mahali pale. La kwanza, mlio wa usiku: kring, kring, halafu kitu kinaburuzwa. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu nikiwa darasa la tatu, na baba, ambaye nilidhani haogopi chochote, aliinuka akafunga dirisha bila kusema neno. La pili, chumba cha viatu. Ukipanda jiwe ukachungulia unaona rundo la viatu vya watoto linafika kiunoni, na hakuna pea hata moja. Kimoja kimoja. Tuliambiana kwamba miguu mingine ilikatwa. La tatu ni makaburi nyuma ya jikoni, mistari miwili ya mawe yenye namba za rangi nyeupe, 1 hadi thelathini na kitu. Namba tu.

Mwezi jana ndama wa mama alipotea, nikafuata nyayo zake hadi huko. Nikaingia ndani saa sita mchana, mtu mzima mwenye watoto, moyo unanidunda. Sikuona jini. Nilichokiona ni bomba la chuma limepigwa ukutani pande zote mbili za korido, kutoka mlango hadi mlango. Limeshika kutu lote, isipokuwa upande wa juu ambao ni laini, unang'aa kama mpini wa jembe la mtu mchapakazi. Nikaweka mkono. Ilinibidi niiname ndipo nilifikie.

Nilikagua kuta zote nikitafuta jina, hata moja. Hakuna. Sasa nauliza: walikuwa kina nani, na walienda wapi?

Popo_wa_Usiku

Buda hii ni content safi kabisa, yaani maudhui ya moto! Nina kamera ya gizani na rafiki yangu ana droni. Tulale huko Ijumaa, tuone kama kring kring itakuja. Nitumie lokesheni inboksi.

Chaki_Kavu

Popo, mwanangu, shikamoo yako nimeikosa lakini nitakujibu hivyo hivyo. Hapo unapotaka kulala na droni palikuwa kitanda cha mtoto wa mtu.

Nilifundisha shule ya msingi iliyo chini ya kilima hicho. Asubuhi watoto wa nyumba ile walishuka kuja kwetu, wakubwa wenye magongo wakitangulia, wadogo wakiwa kwenye mkokoteni unaosukumwa na wa darasa la saba. Mvua ikinyesha walichelewa, na sikuwahi kumchapa hata mmoja wao kwa kuchelewa, jambo ambalo wale wengine walilalamikia sana.

Mpango ule haukuwa wa kwetu peke yetu. Wasioona walipata shule Thika mwaka 1946. Viziwi wakapata za kwao mwaka 1961, Mumias na Nyang'oma kule Bondo. Kwa watoto wa polio, mahali pengi palijengwa nyumba ndogo ya kulala kando ya shule ya kawaida, kwa sababu kasoro yao ilikuwa njia ya kufika shuleni. Kichwani hawakuwa na tatizo, na hesabu walitushinda. Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ililigusa suala hili. Mwaka 1980 ukatangazwa kuwa mwaka wa kitaifa wa walemavu. 1984 vikaanzishwa vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, kwa msaada wa Denmark, na 1986 ikaja KISE, taasisi ya elimu maalumu ya kufunza walimu.

Watu husema nyumba ile ilifungwa kwa sababu fedha ziliibwa. Labda ziliibwa, sikuwa mhasibu. Lakini kilichoifunga kwanza ni tone la chanjo. Mpango wa chanjo wa kitaifa ulianza 1980, na baada ya 1984 nchi hii haikuona tena polio ya porini hadi ilipoingia kutoka nje mwaka 2006. Hiyo ni baraka, sikatai. Ila nilikuwa nikiziona benchi za mbele zikipungua watoto kila Januari. Waliobaki kileleni walikuwa wa mtindio wa ubongo na mgongo wazi. Wafadhili nao wana macho yao: mtoto wa polio unampiga picha Januari anatambaa, Juni amesimama na vyuma vipya. Mtoto wa mtindio wa ubongo hakupi picha ya Juni.

Binti_Ebusakami

Mwalimu Chaki, nadhani umenifundisha hesabu, na sitasema zaidi.

Mama yangu alikuwa mpishi kule juu. Nimemsomea uzi huu wote, ana miaka themanini na kidogo, akacheka hadi akashika mbavu aliposikia "makaburi". Ile ni bustani! Kila mtoto alipewa futi chache za kupanda sukuma na kunde, na jiwe lenye namba yake ili wasigombane. Namba hizo hizo zilikuwa kwenye shuka, sahani, vyuma na soli za viatu. Mtoto alikuwa na jina lake, lakini dobi hakujua kusoma majina.

Na kring kring pia anaijua. Nyumba ilipofungwa, soja wa usiku hakuambiwa aondoke wala hakuambiwa abaki. Yeye mwenyewe alikuwa na polio, mguu mmoja kwenye chuma. Akakaa miaka mingi bila mshahara, akizunguka usiku na rungu na taa ya chemli, akilinda vitanda vitupu. Mama alikuwa akimpelekea nyoyo, yale mahindi na maharagwe, kwenye kibakuli. Mwanaluanda, baba yako alifunga dirisha kwa sababu alikuwa anajua ni nani, na alikuwa anajua hakuna anayemlipa.

Mwanaluanda

Binti, hapo umeninyamazisha. Na viatu?

FundiPlasta

Hapo niachieni, ndiyo kazi yangu. Ni mtaalamu wa viungo, nimefanya kazi ya plasta na vyuma miaka ishirini na mitano.

Virusi vya polio huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Watoto wengi huambukizwa na hawaoni lolote. Karibu mmoja kati ya 200 ndiye hupooza. Mtoto analala na homa, anaamka mguu haumsikii. Asiponyooshwa mapema, misuli hukakamaa, goti linajikunja, kisigino kinapanda juu, anabaki kutambaa. Dawa ya kurudisha mishipa ya fahamu iliyokufa hakuna. Kilichowezekana ni kukata kano zilizokaza, kumweka kwenye plasta majuma kadhaa, kisha kumvisha kalipa: vyuma viwili kandokando ya mguu, mikanda ya ngozi pajani na kwenye shavu la mguu, vimechomekwa kwenye kisigino cha buti. Baadaye anafunzwa kutembea. Huwezi kumfanyia mtoto haya akiwa kijijini kilomita hamsini kutoka kwa fundi, maana mtoto hukua na chuma hakikui. Kila baada ya miezi kadhaa kinarefushwa. Ndiyo sababu ya nyumba kama ile.

Sasa viatu. Mguu uliopooza hauendi sambamba na mwenzake, unabaki mfupi na mwembamba, na unyayo unakuwa mdogo namba mbili, tatu. Duka halikuuzii kushoto namba 1 na kulia namba 4. Unanunua pea mbili, unatumia kiatu kimoja kutoka kila pea, na viwili vinabaki havina mtu. Zidisha kwa watoto thelathini kwa miaka ishirini, utapata rundo la kufika kiunoni. Hakuna aliyekatwa mguu.

Popo_wa_Usiku

Sawa wazee, nimeelewa. Droni nimeirudisha kabatini.

Mbali_na_Nyumbani

Nawasoma nikiwa zamu ya usiku Pennsylvania. Mimi ni mtu wa Emuhaya, huku nafanya kazi kwenye nyumba ya watu wazima wanne wenye ulemavu wa akili. Mmoja wao ni mzee asiyezungumza. Ukimwekea chakula huzungushia sahani mkono wa kushoto kama boma, anakula upesi upesi, na sijawahi kumwona akiuondoa mkono huo.

Mfanyakazi mwenzangu aliniambia mzee huyo alikulia Pennhurst. Lilikuwa jumba la serikali la kuwaweka watu wenye ulemavu wa akili, karibu na mji wa Spring City, lilifunguliwa 1908, watu walirundikwa humo kuliko vitanda vilivyokuwepo. Kesi ikapelekwa mahakamani, 1977 jaji akasema haki zao zimevunjwa, na 1987 likafungwa. Mnajua lilivyo leo? Tangu 2010 kila msimu wa Halloween watu hulipa kiingilio kwenda kutishwa na mizimu ya kuigiza humo humo ndani. Mzee wangu yuko hai, anakula ugali ninaompikia kimyakimya Jumapili, na kuna watu wanalipa kuogopa mzimu wake. Popo, sikusemi vibaya, umesharudisha droni.

Pembe_ya_Busia

Huku kwetu tuna Alupe, iliyokuwa hospitali ya ukoma tangu enzi za mkoloni. Si gofu, leo ni hospitali ya kaunti na ng'ambo kuna chuo kikuu kilichopata hati yake 2022. Naitaja kwa jambo moja tu. Dawa mseto za ukoma zilipokuja miaka ya 1980 watu walipona, lakini kupona hakukuwarudisha wote nyumbani. Wengine mashamba yao yalishagawanywa na ndugu zao kana kwamba wao ni marehemu. Nikiwa mdogo nilimjua mzee aliyekuwa na vidole viwili na mkufu wa funguo. Nikamuuliza funguo za nini, akasema za nyumba yake ya Teso Kaskazini. Nyumba yenyewe ilikuwa imebomolewa kitambo na anajua.

Kwa hiyo swali la mwenye uzi, "walienda wapi", lina jibu ambalo huenda hatulitaki.

Tisa

Hamjambo. Nimeingia leo kwa mara ya kwanza. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha, akisema, "Shangazi, si hapa ndipo?" Ndipo. Nilikuwa namba 9, miaka ya sabini.

Mtanisamehe, nitaandika polepole, vidole navyo vimeanza kuchoka. FundiPlasta, ile nguvu tuliyoipata tukiwa watoto inarudi nyuma uzeeni, sivyo? Goti lililonibeba maisha yote sasa linaniambia limetosha.

Neno "kiwete" halikuniuma sana. Kilichoniuma ni mtu kudhani mguu usiotembea hauhisi. Polio huua nguvu, haiui hisia. Kulikuwa na mhudumu mmoja wa kuogesha, simtaji, aliyekuwa akijaribu maji moto kwenye miguu yetu kwanza. Tukilia anasema tunadeka, miguu hiyo imekufa. Ninalo kovu. Matroni mwenyewe alikuwa mtu mwema, alikuwa na funguo nyingi na hakuwa na muda.

Mazuri? Reli. Treni ya Butere ilipopita chini, kila mtu aliyeweza kufika dirishani alifika, hata kwa kuvutwa na shuka. Tulihesabu mabehewa na anayekosea anatoa maandazi yake ya Jumapili. Na safari ya Kisumu kupigwa picha za mifupa pale hospitali ya Russia, tulipanga foleni tukiomba zamu. Hospitali hatukuipenda, lakini njiani ziwa lilionekana.

Mwanaluanda, unasema hakuna jina ukutani. Umetafuta ukiwa umesimama. Vyuma tulivuliwa saa moja jioni, vikafungiwa stoo hadi asubuhi, ili tusivichakaze. Usiku sote tulikuwa watu wa kutambaa. Nenda wodi ya pili, chini ya dirisha la tatu, upande wa reli. Inama. Inama zaidi ya hapo.

Binti, mwambie mama yako Tisa anamsalimu, na uji wake ulikuwa na mabonge. Bustani kweli ilikuwa bustani. Ila atakumbuka kuna matuta mawili mwishoni, karibu na mparachichi, ambayo hayakupandwa sukuma. Homa ya mapafu, mwaka mmoja wa mvua nyingi. Watu wao hawakuja. Mawe yao yalibaki na namba zile zile.

Sasa niseme kilichonileta. FundiPlasta amesema viatu viwili hubaki havina mtu. Si kila mara. Mguu wangu wa kulia ndio mdogo. Mtoto wa kitanda cha pili, namba 17, wake mdogo ulikuwa wa kushoto, na tulilingana kimo. Fundi akagundua kwamba akinunua pea mbili, kubwa na ndogo, anatuvisha sote wawili na hakibaki hata kimoja. Tukawa pacha wa viatu. Miaka minne mguu wangu mmoja na wake mmoja vilivaa pea moja. Akichakaza soli haraka, nami natakiwa nisubiri, kwa hiyo tulichungana sana, tukigombana kama wake wenza.

Nikapelekwa kufanyiwa upasuaji wa pili. Nilikaa huko majuma tisa. Kurudi, kitanda cha 17 kimetandikwa upya na kuna mtoto mwingine. Nikauliza, nikaambiwa amechukuliwa na watu wake. Watu gani? Kila mwezi wa Disemba sisi wawili tulibaki kwa sababu hatukuwa na wa kutuchukua. Na sikuweza kwenda hadi mparachichini kuangalia, bustani ilikuwa na ngazi tatu na mimi bado niko kwenye plasta. Plasta ilipotolewa niliogopa. Mpaka leo sijaangalia.

Chaki_Kavu

Tisa. Nakukumbuka, uliandika kwa mkono wa kushoto na nilikukataza. Nisamehe hilo.

Mwanaluanda

Nimetoka huko sasa hivi, bado nina vumbi kifuani. Nilienda na tochi ya simu, nikaona hakuna kitu, nikapiga magoti, bado. Nikalala kifudifudi.

Majina yapo chini ya dirisha la tatu, kwenye ile plasta ya ukuta iliyo juu ya sakafu kidogo tu, mkono hauwezi kufika ukiwa umesimama. Yamechorwa kwa msumari. Majina hayapungui ishirini, sitayaweka hapa kwa sababu wenyewe hawajaniruhusu. Kuna treni yenye mabehewa tisa, behewa moja limefutwa na kuchorwa tena. Na kando yake, herufi kubwa:

17 NI MWIZI WA MAANDAZI

Na chini, kwa mkono mwingine unaolala kushoto:

9 NI SHAHIDI

Kisha nikaenda mparachichini. Mti upo. Nimeng'oa majani nikayaona mawe mawili, rangi imebaki kidogo, nikamwagia maji ya chupa yakasomeka. Shangazi Tisa, si 17. Hakuna hata moja lenye 17. La kwanza ni 4, la pili ni 22.

Tisa

Asante mwanangu. Nne alikuwa akiimba.

Binti_Ebusakami

Mama ananyamaza tu hapa. Amesema 22 alikuwa hapendi kunde.

Gunia_la_Kibuye

Mimi husoma tu humu, sichangii. Nauza mitumba ya viatu Kibuye, Kisumu, karibu na wauza vyungu. Sijui kama hii ina maana.

Kuna mama mmoja mwenye gongo huja kwangu mara mbili au tatu kwa mwaka, Jumapili. Ni mtu wa umri wa mama yangu. Hununua pea mbili za aina moja, anachomoa kimoja huku na kimoja huku, analipa vyote vinne bila kuomba nipunguze, viwili anavitia kikapuni na viwili ananirudishia. Nilimwambia mara ya kwanza, mama, hivi nitamuuzia nani? Akasema, "Weka tu, kuna mtu wake." Nilidhani ni utani wa wazee. Nimeviweka kwenye gunia nyuma ya kibanda, mke wangu amenigombeza sana kuhusu gunia hilo.

Anachochukua yeye ni kushoto 36, kulia 39.

Tisa

Kwa hiyo gunia lako lina kushoto 39 na kulia 36.

Gunia_la_Kibuye

Ndiyo mama. Ziko kama pea kumi na moja.

Tisa

Usimuuzie mtu. Jumapili unafungua saa ngapi?